Kwenda Kariakoo Kutafuta Maiki

Binamu yangu anayeishi Muscat ndiye aliyenipeleka Kariakoo, ingawa mwenyewe hakujua. Tunacheza PUBG Mobile karibu kila usiku, kikosi cha watu wanne: yeye, mimi niliye Kihonda, Morogoro, na vijana wawili wa Mwanza ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Gemu lenyewe ni la kusikilizana. Watu 100 wanashushwa kwa miavuli kisiwani, na kikosi kinachobaki hai ni kile ambacho mmoja akisema "yupo ghorofani, dirisha la kushoto," wenzake wanageuka palepale. Mimi nikisema hayo, walichosikia ni mvumo, kisha neno "dirisha", kisha mashine ya kusaga ya jirani, kisha mama akiniita nikale.

"Dada, leo tena umo ndani ya pipa?" Binamu ni mtani, hana huruma.

Hedifoni nilizokuwa nazo niliziagiza kwa picha. Nilitumiwa picha inayowaka taa za rangi saba, nikalipa kwa simu, mzigo ukaja na basi ndani ya boksi lililobonyea. Waya ulikuwa na vichwa viwili, kimoja cha kijani na kimoja cha waridi, na simu yangu ina tundu moja. Kulikuwa na kichwa cha tatu, cha USB, nikadhani hicho ndicho chenye sauti. Kumbe kazi yake ni kuwasha zile taa tu, basi. Nikanunua kiunganishi cha sh 3,000 nikaendelea hivyohivyo, huku vikombe vikinibana mpaka miguu ya miwani ikaniachia alama kila upande wa kichwa. Siku moja nilizipeleka kwa muuza nyama nikamwomba azipime kwenye mzani wake: zilikaribia gramu 400. Nusu kilo kasoro, juu ya utosi, kila usiku. Nilipompigia aliyeniuzia akanijibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akakata simu.

Ndipo nikaapa kwamba zinazofuata nitazivaa kwa kichwa changu na kuzisemea kwa mdomo wangu kabla sijatoa hata senti. Nina kibanda cha stesheneri. Nachapa barua, natoa kopi. Kila jioni, siku zilipokubali, nilitia sh 2,000 kwenye kopo la maziwa ya unga. Baada ya miezi mitatu na ushee nilikuwa na sh 160,000. Mama alidhani naweka akiba ya cherehani, nami sikumkatalia.

Dar es Salaam nilishafika mara mbili, zote kwa msiba, nikiwa nimebanwa katikati ya shangazi zangu kwenye gari la kukodi. Kariakoo sikuwahi kukanyaga. Na treni ya umeme, tangu ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, nilikuwa naiona ikipita tu, kama watu wa mji huu walivyoiona ile ya Wajerumani ilipowafikia mwaka 1907. Kwa hiyo asubuhi ile, nikiwa na tiketi ya daraja la kawaida ya sh 13,000 na daftari dogo, nilikuwa mgeni wa kila kitu: mgeni wa behewa, mgeni wa soko, mgeni wa bidhaa.

Wengi husimulia mwendo wa treni hii, na kweli inaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Milima ya Uluguru ilirudi nyuma haraka kuliko nilivyozoea kuiaga. Mimi kilichonishika ni ukimya. Nilizoea basi, ambamo injini, filamu na mhubiri hugombea masikio yako mpaka Mbezi. Humu niliweza kumsikia mama wa kiti cha pili akifungua kifuko cha karanga.

Ukimya huo ndio ulionipa somo la kwanza, bure. Mbele yangu alikaa kijana akiongea na simu kwa hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni. Maiki yake, ile punje ya kwenye waya, ilining'inia kifuani. Kila sentensi aliirudia. "Nimesema Jumanne. Ju-ma-nne." Tulipoipita Ngerengere akachoka, akaishika ile punje kwa vidole viwili akaisogeza mdomoni. Hakurudia tena neno hata moja hadi Ruvu. Nilifungua daftari langu, kwa sababu jambo hilo nilikuwa nimeliandika bila kulielewa: umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti yako inashuka kwa desibeli 6, lakini kelele za chumba hazishuki, maana zenyewe zimetanda kila mahali. Maiki ya mbali haikusikii vibaya; inakusikia sawasawa na mashine ya kusaga. Kwa hiyo maiki ya kawaida yenye mkono unaofika kwenye kona ya mdomo itaishinda ya bei mbaya iliyofichwa ndani ya kikombe cha sikio. Nikalipigia mstari.

Kwenye ukurasa wa pili niliandika uzito. HyperX Cloud Stinger, gramu 275. Logitech G335, gramu 240. Razer BlackShark V2 X, gramu 240. Sikujua kama mfuko wangu ungefika huko. Nilitaka tu kujua hedifoni ya mtu mwenye akili timamu ina uzito gani, ili nisiuziwe tena nyama.

Stesheni ya Dar wameijenga kwa umbo la jiwe la tanzanite, na ukitoka nje ya milango yake joto linakupokea kabla ya dereva wa bajaji. Nikakataa bajaji, nikatembea kupitia Gerezani nikiuliza njia. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wapagazi hawajaondoka: wamenipita na majora ya vitambaa, na majokofu, na mmoja amebeba televisheni tano kichwani huku akiongea na simu kwa sauti ya kawaida kabisa.

Sikumaliza hatua kumi kwenye mtaa wa Aggrey kabla winga hajanidaka. "Dada, unatafuta nini? Simu? Sabufa? Sema, dada yangu."

"Hedifoni za gemu. Zenye maiki nzuri."

"Zipo. Nifuate."

Msomaji wa mikoani ajue: winga hana duka. Anakuchukua mtaani, anakupeleka kwa mwenye mali, na riziki yake inapachikwa juu ya bei yako. Simlaumu, maana bila yeye nisingejua kwamba maduka ya hapa yamepandana ghorofa juu ya ghorofa, na kwamba mlango unaofanana na wa stoo ya mkaa ndio unaoingia kwenye korido yenye maduka ishirini. Tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Ukuta mzima ulikuwa hedifoni, na ukuta mzima ulikuwa unawaka: nyekundu, kijani, zambarau. Nikahisi nimeingia ndani ya ile picha niliyotumiwa.

Kijana wa dukani akanivalisha moja haraka haraka. "Hii 7.1, dada. Sauti inakuja pande zote."

Nikageuza kikombe kutazama. Kulia spika moja, kushoto spika moja. Hizo saba na nukta moja zinatengenezwa na programu kwa kuichezea sauti ili ubongo udhani inatoka nyuma. Si wizi, ila gemu langu tayari linapanga nyayo za adui kulia na kushoto, na masikio niliyojaliwa ni mawili. Akanionyesha nyingine yenye spika ya milimita 50 badala ya 40, akasema ndiyo yenye sauti kubwa. Huo nao ni ukubwa wa sahani tu. Sufuria kubwa haimaanishi wali umeiva.

"Naomba nisikie maiki," nikamwambia.

Alinitazama kama niliyeomba kumuonja. "Maiki ipo, dada. Si hiyo hapo?"

Nikakaa pembeni nikatazama wateja wengine watatu. Kila mmoja alivaa, akawekewa Bongo Fleva, akatikisa kichwa, akauliza bei ya mwisho, akalipa. Hakuna hata mmoja aliyeusogeza mkono wa maiki. Nikaelewa nilivyouziwa pipa. Hedifoni ina pande mbili, na anayenunua anasikia upande mmoja tu. Ubaya wa maiki unaufikia mtu mwingine, Mwanza au Muscat, ambaye hayupo dukani na hatoi hela. Basi mwenye kiwanda akitaka kubana gharama, atabana wapi?

Nikaaga. Winga alinuna, nikampa sh 2,000 ya soda, tukaachana vizuri kiasi.

Duka nililolipata mwenyewe lilikuwa upande wa Likoma, dogo, feni moja, na nyuma ya kaunta baba wa makamo aliyekuwa akichomea waya wa redio kwa risasi. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa." Yule alinipa kiti kabla ya kunipa bei, na nilikikalia karibu saa nzima.

Nilimweleza habari ya vichwa viwili vya waya. Akacheka, akatoa pini mbili kwenye droo akaziweka kiganjani mwangu. "Hesabu pete." Ya kwanza ilikuwa na pete mbili nyeusi, ya pili tatu. Pete ndizo zinazotenganisha njia. Pete mbili ni njia tatu: sikio la kulia, sikio la kushoto, na ya pamoja; maiki haina pa kupita. Pete tatu ni njia nne, na ya nne ndiyo ya maiki. Simu yenye tundu, rimoti ya PlayStation na kompyuta nyingi mpakato zinataka pete tatu. Vichwa viwili, kijani cha sauti na waridi cha maiki, ni vya kompyuta za mezani. Jambo la sekunde tano, nami nilikuwa nimeishi nalo miezi minne.

Nikauliza kuhusu zisizo na waya. Alizonazo za bei yangu zilikuwa za Bluetooth, na hakutaka kuniuzia, jambo ambalo sikulitegemea Kariakoo. Hedifoni ya Bluetooth, maiki yake ikiwashwa, kwa kawaida huhamia kwenye hali ya kupiga simu: sauti zote mbili, unayosikia na unayotuma, zinabanwa ziwe nyembamba. Juu ya hapo inachelewa, na kwenye gemu la bunduki utamwona adui akifyatua kabla hujausikia mlio. Zisizo na waya zilizotengenezewa gemu huja na kidude chao cha USB kinachotumia masafa ya gigahezi 2.4, nazo zilikuwa juu ya kopo langu la maziwa. PlayStation 5, akaongeza, hata haizipokei hedifoni za Bluetooth za kawaida. Nikachagua waya.

Akaniwekea aina nne mezani, zote za pete tatu, zote zenye mkono wa maiki. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo najivunia. Nilichomeka ya kwanza kwenye simu yangu, nikafungua WhatsApp, nikamrekodia binamu ujumbe wa sauti: "Papa wa Pwani amepanda pantoni, sasa anapiga pasi shati safi." Maneno ya upuuzi, lakini yamejaa p na s kwa makusudi. P inapuliza upepo, na maiki mbovu au iliyowekwa mbele kabisa ya mdomo italipuka. S inafichua maiki kali inayopiga mluzi. Nikafanya hivyohivyo kwa zote nne, mlango wazi, honi na matangazo ya mtaani yakiingia yalivyotaka. Kelele ile haikuwa kero. Kuna mahali gani pazuri pa kujaribia maiki kuliko Kariakoo saa sita mchana? Najua WhatsApp huibana sauti. Lakini inazibana zote sawa, kwa hiyo ushindani ni wa haki.

Muscat walikuwa saa saba, saa ya chakula. Majibu yakaja.

Ya kwanza: "Pipa."

Ya pili: "Pipa jipya."

Ya tatu: "Nakusikia, ila huyo papa wako ananipulizia sikioni." Nikausogeza mkono kutoka mbele ya midomo hadi kwenye kona, upana wa vidole viwili, nikarudia. "Sasa ameacha."

Ya nne ilichukua muda. Kisha: "Dada, umeshatoka huko mjini? Nasikia bodaboda moja tu."

Ya nne ilikuwa HyperX Cloud Stinger, ileile ya daftarini. Maiki yake husikiliza zaidi upande wa mdomo kuliko nyuma, na ukiuinua mkono wake juu inajizima yenyewe, jambo ambalo mtu mwenye mama mwenye sauti analithamini mara moja. Lakini maiki nzuri kwenye kichwa kinachouma haina faida. Nikamwomba mzee niivae nikiwa nimekaa, dakika ishirini. Wa duka la kwanza angenifukuza. Huyu alisema, "Vaa, mimi namalizia redio."

Dakika tano za kwanza hedifoni zote ni laini. Ya sita ndipo joto linapoanza kuhesabiwa. Vikombe vyake vimefunikwa ngozi bandia, ambayo inazuia kelele za nje vizuri na inatoa jasho vizuri vilevile. Za kitambaa zinapumua, ila zinavujisha sauti. Kwenye hali ya hewa ya Dar hakuna mshindi. Ngozi bandia ya kampuni yoyote hatimaye hubabuka kwa jasho, kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na uliza kama sponji za akiba zinapatikana. Mimi nilikuwa natazama miwani. Sponji ilikuwa laini kiasi cha kuumeza mguu wa miwani badala ya kuukandamiza kwenye mfupa. Nilikuwa nimesuka rasta wiki iliyotangulia, na utepe wa juu ulikaa bila kunivuta. Nikainama kama naokota kalamu: haikuanguka. Nikatikisa kichwa mpaka mteja aliyeingia akadhani nimepandwa na shetani: haikuanguka. Dakika ya ishirini nikaivua, nikapapasa pembeni mwa macho. Hakuna alama.

Bei ilianzia sh 140,000. Sitasimulia mabishano yote; nilitaja nauli, nikataja Morogoro, nikasimama mara moja kama ninayeondoka. Tuliishia sh 118,000, risiti ya EFD, na ahadi ya wiki mbili kuibadilisha ikileta shida, iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Ilikuwa ghali kwangu. Nilikula ugali na dagaa pembeni ya barabara, nikatembea kurudi stesheni, boksi likiwa kifuani kama mtoto mchanga.

Kwenye treni ya jioni sikuifungua. Niliogopa watu, nikaogopa na wezi.

Usiku tukaingia kisiwani. Mashine ya kusaga ilikuwa inafanya kazi ya mwisho ya siku, nami kwa mara ya kwanza sikulazimika kupandisha sauti ili niishinde, maana vikombe vimeifungia nje. Hili lina maana kuliko starehe: Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, na ukipanda hadi 90 saa hizo zinabaki nne tu. Nikasikia nyayo kwenye ngazi za mbao, kushoto, juu kidogo. Nikasema. Vijana wa Mwanza wakageuka palepale. Binamu hakutaja pipa usiku mzima, na kwa mtani hiyo ni sifa kubwa kuliko asante.

Mama aliniita nikale mara tatu, hivyo ndivyo alivyosema asubuhi. Muscat hawakumsikia. Mwanza hawakumsikia. Mimi pia sikumsikia, na ugali niliukuta umeshakauka juu.